Kabla ya Kuwasha Skana, Mtafute Mpishi wa Bwalo

Januari 2016 nilirudi kazini kutoka likizo nikakuta ukuta wa bwalo letu umepakwa rangi ya maziwa kutoka darini hadi sakafuni. Chini ya rangi hiyo kulikuwa na mchoro ambao wanachuo wa mwishoni mwa miaka ya 1990 waliuchora kwa rangi ya mafuta iliyobaki katika ukarabati: foleni ya vijana walioshika sahani, mpishi mwenye upawa mrefu kuliko mkono wake, na paka aliyekaa juu ya gunia la maharage akiwatazama wote kama mkaguzi wa elimu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Fundi aliambiwa apake kuta, akapaka kuta. Mimi ndiye mkutubi wa chuo, nilikuwa nimepita mbele ya mchoro ule kila siku kwa miaka minne, na simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo.

Tangu hapo nimekuwa nikijenga hifadhi ya kidijitali ya maisha ya wanachuo wetu, na wakutubi wenzangu wa vyuo vingine huniuliza waanzie wapi. Huwajibu kwamba wasianze na skana. Skana itapatikana hata baada ya miaka mitano, ilhali mtu anayemjua aliyesimama wa tatu kutoka kushoto anaweza kustaafu mwezi ujao akarudi kwao Songea, na akishaondoka hakuna mashine itakayomtaja huyo wa tatu.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Katika mwaka wa kwanza niliazima skana ya ofisi ya taaluma na kwa wiki sita nikaingiza picha zipatazo mia nane, nikijiona mchapakazi. Zote zilibaki na majina yaliyotolewa na mashine, herufi tatu na namba. Alipokuja mhitimu kuomba picha ya kundi lake la ngonjera, tulikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima tukifungua faili moja baada ya nyingine, na hatukuipata. Pengine ilikuwamo. Ilinibidi nianze upya, safari hii nikiwa na albamu mkononi badala ya waya.

Walimu wa zamani niliowapelekea albamu waliwatambua walimu wenzao na wageni rasmi, basi. Aliyewajua wanachuo ni mama aliyepika bwaloni kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimkuta barazani kwake akipepeta mchele, nikamwamkia, nikaketi kwenye kigoda nikimfunulia kurasa. Aliweka ungo chini, akafuta vidole kwa kanga kabla ya kugusa albamu, kisha akacheka. "Huyu wa ukoko! Kila Jumapili alikuwa mlangoni pangu na sahani yake, 'mama, umenibakishia?' Kwao Ukerewe huyu." Katika picha ambayo mtu aliiandikia nyuma neno "sherehe", alitikisa kichwa. "Sherehe gani, mwanangu? Hiyo siku bomba lilipasuka, wakaja na ndoo wote wakiimba." Nilitazama tena, na kweli kila mkono ulikuwa na ndoo. Nilikuwa nimeiona picha ile mara nyingi nikidhani ni ngoma.

Kwa hiyo mpelekee mtu wa namna hiyo picha, umwombe ruhusa ya kurekodi sauti yake kwa simu, kisha umwache azungumze bila kumharakisha. Namba ya picha iandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, wala usitumie kalamu ya wino, kwa maana wino hupenya na shinikizo la kalamu huacha mfereji upande wa mbele. Albamu zile zenye kurasa za gundi usizibandue picha zake kwa nguvu. Piga picha ukurasa mzima kama ulivyo. Rekodi ya mama yule, ya dakika arobaini na kidogo, ndiyo inayosikilizwa kuliko kitu kingine chochote katika hifadhi yetu, jambo ambalo sikulitegemea.

Maelezo ya kila kitu yanaweza kuwa mafupi: ni nini, nani wamo, wapi, lini, nani alikitengeneza, nani alikileta, na nani anaruhusiwa kukiona. Ukitaka utaratibu unaoeleweka duniani kote, upo ule wa Dublin Core wenye vipengele 15, na programu ya kuendeshea hifadhi za kidijitali iitwayo DSpace, ambayo ni ya bure na inatumiwa na maktaba nyingi za vyuo vikuu katika kanda yetu, imejengwa juu yake. Mimi nilitumia jedwali la kawaida la kompyuta kwa miaka miwili kabla ya kuhamia huko, na sikupoteza chochote. Jambo moja tu nasisitiza: maneno ya wanafunzi yawekwe kando ya maneno rasmi. Aliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atatafuta "bumu", hatatafuta "fedha za kujikimu". Atatafuta "kubebana", yaani kulala katika chumba cha mwenzako aliyepangiwa, wala hatajua kwamba wewe umeandika "uhaba wa malazi".

Kuhusu nini kikusanywe, tatizo la vyuo vingi ni kwamba hutunza majengo na mahafali. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwekwa hata katika noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, lakini bango la mchezo wa kuigiza lililobandikwa mlangoni pa ukumbi kama huo kwa wiki moja huishia jalalani. Mfano mwingine wa hapo hapo Mlimani ni jarida la Cheche, lililoanzishwa na wanafunzi mwaka 1969, likachapwa kwa stensili, na kupigwa marufuku mwaka 1970. Mtunza nyaraka anayengoja kitu cha namna hiyo kifike kwake kupitia masijala, kikiwa na muhuri, atangoja sana. Kusanya magazeti ya ukutani, ratiba za chakula, mabango ya kampeni za serikali ya wanafunzi na vibonzo vya kumkejeli mkuu wa chuo, ukiwa bado unaweza kuvipata.

Hata hivyo kukusanya si kuonyesha. Mlimani kulikuwa pia na Mzee Punch, yaani michoro na maandishi ya kejeli yaliyobandikwa na watu wasiojitaja, ambayo iliwaandama hasa wanafunzi wa kike, na mwaka 1990 mwanafunzi mmoja alijiua kufuatia unyanyasaji uliohusishwa na kundi hilo. Hiyo nayo ni sanaa ya chuo, na kuiteketeza ni kuwasaidia walioichora wasahaulike kwa amani. Lakini kuiweka wazi mtandaoni ni kuibandika ukutani mara ya pili. Sisi tuna vitu vichache vya jinsi hiyo, vidogo kwa kulinganisha, na tumeamua kuvitunza katika folda iliyofungwa, maelezo yake yakisema ni nini bila kumtaja aliyelengwa.

Sheria nayo ina neno lake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, hakimiliki ya mchoro wa mwanachuo kwa kawaida ni yake kwa uhai wake wote, na hudumu miaka 50 baada ya kufa, hata kama ukuta ni wa chuo. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fomu yetu ya ridhaa ni nusu ukurasa, kwa Kiswahili, na hadi sasa ni watu wawili tu waliokataa kuitia saini.

Ya mashine nitayapitia haraka. Karatasi skani kwa nukta 300 kwa inchi, picha ndogo kwa 600. Nakala kuu iwe faili la TIFF, ambalo ni kubwa na hutunza ubora, na ya kutazamwa iwe JPEG, ambalo ni dogo. Kanda za video zitangulizwe, kwa kuwa mashine za kuzichezesha zinatoweka. Mhitimu anayekutumia picha kwa WhatsApp mwombe aitume kama dokumenti, la sivyo itabanwa na kupoteza ubora. Kuwa na nakala tatu, moja ikiwa mbali: yetu iko katika chuo rafiki kwenye mji mwingine, baada ya mtu kujikwaa kwenye waya, diski yangu ya pekee ikaanguka kutoka mezani na kazi ya miezi miwili ikaenda nayo.

Siku hizi kabla ya kila likizo nazunguka kuta zote asubuhi, mwanga ukiwa haujawa mkali. Napiga mchoro nikiwa nimesimama mbele yake sawasawa, vipande vinavyopandana kidogo, rula ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, halafu picha moja ya mbali inayoonyesha watu wakila au kusoma chini yake. Msimamizi wa majengo alicheka nilipomwomba aongeze swali katika fomu yake ya kazi, "Je, mkutubi amejulishwa?", lakini aliliongeza, na mafundi sasa hunipigia simu.

Mchoro wa bwalo tuna kipande chake. Mhitimu mmoja wa Kigoma alikuwa amepiga picha mwaka 1999 ili ampelekee mchumba wake, na nyuma ya bega lake la kulia anaonekana paka, gunia, na nusu ya upawa. Tumeiingiza kwa ridhaa yake. Penye jina la mchoraji kila mtu alinishauri niandike "hajulikani". Nimeandika "anatafutwa", na kando yake tarehe ya mara ya mwisho nilipouliza.