Tumbo Lililopunguzwa Limerudi Kubeba Sahani Nzima

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo nchini India, nikiwa na kilo 121. Mwaka wa kwanza yai moja la kuchemsha lilikuwa likinishinda, nikashuka hadi kilo 78. Siku hizi namaliza sahani ya ugali wa uwele kwa mlenda sawasawa na watoto wangu, na mizani inasoma kilo 85. Mume wangu anasema fedha zetu zimepotea bure. Je, tumbo limetanuka, na inanibidi nikakatwe tena?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza mumeo ahesabu upya: kati ya kilo 43 ulizopunguza, zimerudi saba tu, na kurudi kwa kilo chache baada ya kufika chini kabisa huwapata wengi waliofanyiwa upasuaji huu.

Katika upasuaji huo huondolewa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, ukabaki mrija mwembamba wenye kubeba mililita 100 hadi 150, yaani pungufu ya kikombe cha chai. Miezi ya mwanzo mrija huo huwa umevimba na mgumu, ndiyo maana yai lilikushinda. Uvimbe ukiisha, kuta zake hulegea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ndiyo, umetanuka kiasi, na madaktari wako walilitarajia hilo, kwani hakuna mtu mzima awezaye kuishi kwa yai moja.

Lakini kilichonishughulisha zaidi katika barua yako ni mlenda. Sisi wa huku tunajua kwamba tonge likishachovywa kwenye mlenda halitafunwi, linateleza lenyewe. Mrija wako hutoa taarifa ya shibe unapojazwa na chakula kizito kinachokaa, ilhali kile laini hupita upesi kabla taarifa haijafika. Uji, chai ya maziwa yenye sukari na andazi lililochovywa humo, pamoja na juisi ya zabibu, vyote hupita njia hiyohiyo.

Basi fanya jaribio moja kabla ya kulilaumu tumbo. Mchana mmoja kula kuku wa kienyeji aliyekaushwa, bila mchuzi, bila maji kwa nusu saa kabla na baada, ukitafuna kila kipande hadi kilainike, na uache mara tu unapohisi kubanwa chini ya kifua. Ukishiba kwa vipande viwili vitatu, mfuko wako bado unafanya kazi yake, na kinachohitaji kubadilika ni mpangilio wa sahani.

Sikukatazi mlenda, ambao ni mboga njema. Anza na kuku, samaki, mayai au maharage mazito, kisha mboga, na ugali uje mwisho kama nafasi imebaki. Mwili wako unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na yai moja lina takribani gramu sita tu. Msimu wa zabibu usiziweke mezani ukawa unadokoa kutwa nzima. Na mvinyo wetu wa Dodoma, ambao nakiri naupenda, baada ya upasuaji kama wako huingia kwenye damu haraka kuliko zamani.

Kukatwa tena si kwa hali hii. Upasuaji wa pili una hatari zaidi ya wa kwanza, nao hufikiriwa pale penye kiungulia kikali kisichotulia kwa dawa, kutapika mara kwa mara, au uzito uliorudi kwa kiwango kikubwa. Hata hivyo nenda hospitali upimwe damu, madini ya chuma na vitamini B12, hasa ukihisi ganzi miguuni, na uchukue daftari la wiki moja lenye kila ulichokula, hata ulichoonja ukiwa umesimama jikoni.