Safari huanzia mlangoni: maswali yenu kuhusu majengo, njia na maumbile

Usanifu unaoiga maumbile unahusianaje na usafiri? Nilidhani ni mambo ya kupoza nyumba tu.

Ni kwa sababu mfano unaotajwa zaidi ni jengo la Eastgate Centre mjini Harare, la mwaka 1996, ambalo msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kupitisha hewa kwa kuangalia vichuguu vya mchwa. Lakini mti pia husafirisha: hupandisha maji kutoka mizizini hadi jani la juu kabisa. Jengo nalo husafirisha watu, kutoka chumbani hadi barabarani. Lifti ikimshusha mkaazi moja kwa moja kwenye maegesho ya magari, huku baiskeli zikiwa zimefungiwa nyuma ya mapipa ya taka, msanifu ameshamchagulia usafiri kabla hajavaa viatu.

Wadudu wana nini cha kutufundisha kuhusu msongamano wa mlangoni?

Watazame siafu. Watafiti waliochunguza siafu wa misitu ya Amerika walieleza mwaka 2003 kwamba msafara wao hugawanyika njia tatu: wanaorudi na mawindo hupita katikati, wanaokwenda hupita kandokando pande zote mbili. Hakuna askari wa kuwapanga. Wanapokutana, aliyebeba hashiki breki wala hakwepi sana. Asiye na mzigo ndiye anayepisha zaidi.

Mlango wa jengo ungefuata hivyohivyo. Mwenye kiti cha magurudumu, baiskeli au kigari cha mtoto apewe njia pana iliyonyooka katikati, asiye na kitu azunguke pembeni. Mara nyingi tunafanya kinyume: mlango mkubwa una ngazi, na mwenye magurudumu anatafuta njia ya ubavuni. Jambo hili linaniuma kila ninapoliona.

Tunapanga majengo manne kwenye kiwanja kimoja. Njia za miguu tuzichoreje?

Chuma jani, liinue kwenye mwanga. Mishipa midogo imeungana kama wavu, kwa hiyo mdudu akitoboa mahali, maji huzungukia kwingine. Njia zenu nazo ziwe na mizunguko, ili moja ikifungwa kwa ukarabati mtu asirudie gari lake.

Kuna pia kiumbe cha ute kinachotambaa juu ya magogo yaliyooza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wanasayansi wa Japani walikiwekea vyakula sehemu 36, kwa mpangilio wa miji inayozunguka Tokyo. Kilitanda kote, kisha kikaacha vijia visivyo na kazi na kunenepesha vyenye kazi. Mtandao kilioujenga ulikaribia ubora wa reli za huko. Basi msimwage zege kila mahali siku ya kwanza. Acheni nyasi, tazameni nyayo zinapopita kwa miezi kadhaa, ndipo mjenge.

Je, lifti ziondolewe?

Hapana, wapo wanaozitegemea. Ila ngazi ionekane kabla ya lifti, iwe pana na ipate mwanga wa jua.

Mchoro wetu una umbo la konokono. Inatosha?

Umbo peke yake halimsogezi mtu. Mhandisi wa Japani, Eiji Nakatsu, alipoupa uso wa treni ya kasi ya Shinkansen mfululizo wa 500 umbo la mdomo wa ndege aitwaye mdiria, alikuwa na tatizo mahsusi: mshindo wa hewa treni inapotoka kwenye handaki. Mdiria huingia majini bila kurusha maji mengi, ndiyo maana akamwiga.

Ninyi tatizo lenu ni lipi? Jengo la 8 House la Copenhagen, lililokamilika mwaka 2010, lina njia ya mteremko inayomwezesha mtu kuendesha baiskeli hadi ghorofa ya 10, na nyumba zinafunguka kwenye njia hiyo. Kama konokono wenu anafanya kazi ya namna hiyo, mjengeni. Kabla ya hapo, wekeni kidole kwenye mchoro, penye mlango wa chumba cha mbali kabisa, mkipeleke polepole hadi kituo cha basi. Kila kitakapokwama, wekeni alama, mrekebishe hapo kwanza.