Kujiunga na kikundi cha wenye waswasi ni udhaifu wa imani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ninaugua waswasi, huu ambao madaktari wanauita OCD. Nilikuwa natawadha mpaka mikono inapasuka, takbira naikata na kuianza upya hadi wakati unatoka. Sasa natibiwa na nina nafuu. Mtaalamu amenikataza kurudia udhu hata nikitia shaka, na amenishauri nijiunge na kikundi cha wagonjwa wenzangu na nisome kitabu cha kujisaidia. Ustadhi wetu anasema hiyo ni imani dhaifu, nizidishe nyiradi tu. Je, swala zangu zinasihi?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Zinasihi, na usilipe hata moja. Aliyehisi kitu tumboni ndani ya swala, akashuku udhu umetenguka, Mtume (s.a.w.) alisema asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Yakini haiondoki kwa shaka. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa fiqhi, alipoulizwa dawa ya waswasi alijibu: kuupuuza kabisa. Mtaalamu wako hajakutoa kwenye fiqhi.

Maneno ya ustadhi ndiyo yaliyonikera. Masahaba walimwambia Mtume kwamba nafsini mwao hupita mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka. Akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Sasa na wao walikuwa na imani dhaifu? Asiyejali dini hakeshi akijiuliza kama maji yamefika kisiginoni! Na anayedhani tiba hii ni mambo ya kuiga, mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, alishaandika juu ya waswasi na tiba yake, na akamshauri mgonjwa asijitenge peke yake.

Nyiradi ni kheri, nani atapinga? Lakini ukisema astaghfirullah mara mia ili wazo liondoke, na ukikosea hesabu unaanza upya, hayo ni maradhi yamevaa kanzu. Leta nyiradi zako kwa nyakati zake, wazo liwepo lisiwepo.

Kikundi jiunge. Kueleza ugonjwa si kufichua dhambi. Ila chunguza wanavyozungumza: wakishinda kuulizana "hivi nimenajisika?" na kujibiana "hapana, tulia", wanaulisha ugonjwa, raha hiyo haidumu hata saa moja. Tafuta wanaosaidiana kuivumilia shaka bila kuosha, bila kuuliza. Kitabu nacho kiwe cha kukufundisha kulikabili unaloliogopa hatua kwa hatua, usikigeuze cha kujipima kila jioni. Na kama umeandikiwa dawa, usiiache bila daktari kujua.

Jambo moja utaliona gumu. Ukirudi kesho na swali hilihili kwa maneno mengine, sitakujibu, kwa sababu jibu langu la pili litakuwa udhu wako wa pili. Wengi nimewajibu mara kumi nikidhani nawahurumia. Adhana ijayo tawadha mara moja, funga bomba, uende ukaswali na shaka yako.