Muulize Fundi: PS5, au kadi ya grafiki ndani ya kompyuta ya ofisi?

*Ami Fundi, shikamoo. Nina miaka 21, naishi Kisauni na nyanya yangu. Ami yangu wa Tudor amenipa Dell OptiPlex, ile nyembamba ya kulala, prosesa ya i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 8. Napiga picha za harusi, na siku hizi wenye harusi wanataka na video fupi. Nimeweka akiba shilingi 60,000. Jioni nacheza mpira kwenye PS na wadogo zangu wawili kibandani, na pesa zinaishia huko. Muuzaji mmoja mjini ameniambia niweke kadi ya Radeon RX 6400 kwenye hiyo Dell, nitakuwa na "PS5 ndani ya kompyuta" na chenji itabaki. Marafiki wanasema ninunue PS5 nimalize maneno. Nifuate lipi?*
*Mpiga picha, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Hiyo kadi usiinunue. Kama umeshaacha rubuni, nenda kesho asubuhi ukaidai.

Hayo maneno ya "PS5 ndani ya kompyuta" yameniuma, kwa sababu yamejengwa juu ya ukweli nusu. Ni kweli kwamba chipu ya PS5 na ya RX 6400 zote zimetoka kampuni ya AMD, na zote ni za ukoo mmoja unaoitwa RDNA 2. Lakini undugu si ukubwa. PS5 ina vitengo 36 vya kukokotoa picha. RX 6400 ina 12, yaani theluthi. PS5 ina kumbukumbu ya GB 16 ambayo prosesa na grafiki hugawana, na data hupita humo kwa GB 448 kila sekunde. RX 6400 ina GB 4, na mwendo wake ni GB 128 kwa sekunde.

Kuna jambo baya zaidi ambalo muuzaji hakukwambia. Kadi hiyo inazungumza na kompyuta kwa njia 4 tu za PCIe, yaani barabara za data kati ya kadi na madabodi, wakati kadi nyingi hutumia 8 au 16. Ilibuniwa kwa PCIe 4.0, ambako kila njia ni pana. Dell yako ni ya PCIe 3.0, upana ni nusu ya huo. Gemu za sasa zinajaza GB 4 upesi, na zikijaa kadi inakwenda kukopa RAM ya kompyuta kupitia hizo njia nyembamba. Umeshawahi kuona magari ya Likoni siku feri inayofanya kazi ni moja? Ndivyo itakavyokuwa: gemu inakwenda, inakwama, inakwenda, inakwama.

Tena wewe ni mtu wa video. RX 6400 haina kabisa kile kitengo cha kubana video, kinachokusaidia unapotoa kazi iliyokamilika ya kumpa mteja. Na i5 uliyo nayo inacho! Intel waliweka kitengo hicho ndani ya prosesa zao, na chako kinabana video za aina ya H.264 na hata HEVC. Kwa hiyo ungetoa pesa ununue kifaa ambacho kwa kazi inayokulisha kina upungufu kuliko kompyuta uliyopewa bure.

Najua utaniuliza: basi si niweke kadi kubwa? Kadi ya bei ya chini inayoikaribia PS5 ipo. RX 6600 ina vitengo 28 na GB 8, inakula wati 132, na kwenye gemu nyingi haiko mbali nayo. RX 6700 ile isiyo na XT ina vitengo 36 sawasawa na PS5, na GB 10 zake. Tatizo lako ni nyumba ya kuiweka. Hiyo Dell nyembamba inapokea kadi fupi za kimo tu. Pawa saplai yake ni ya wati 180 hivi, soma kibandiko, na haina waya wa kulisha kadi kubwa. Ukisema utabadilisha pawa saplai, utakuta plagi za madabodi yake si zile za kawaida. Utaanza na kadi, utamaliza na keisi, pawa saplai na madabodi, na shilingi 60,000 zimekwenda kabla hujawasha.

Na pawa saplai si mahali pa kubana matumizi. Miaka 3 iliyopita nilimfungia mteja wa Majengo kadi nzuri kabisa, nikamwekea pawa saplai niliyouziwa kuwa ya wati 600. Ilikuwa nyepesi kama kifuu, na moyo ulinambia, lakini mteja alikuwa na haraka nami nikanyamaza. Jioni moja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, pawa saplai ikafa pamoja na madabodi na kadi. Nililipa nusu ya hasara ile. Tangu siku hiyo naipima kwa mkono kwanza, nikiona nyepesi siifungi, mteja akasirike.

Sasa nikwambie ningefanya nini kwa pesa zako. Dell iache ilivyo, ni kompyuta nzuri ya picha. Ifungue utazame RAM yake: OptiPlex za kizazi hicho nyingine zinatumia DDR3L na nyingine DDR4, haziingiliani, kwa hiyo usinunue kwa kukisia. Ongeza ifike GB 16, weka na SSD ya SATA, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kama bado ina diski ya kuzunguka. Kuhariri picha 800 za harusi kunategemea vitu hivyo viwili kuliko kadi yoyote, na utaona tofauti siku hiyohiyo.

Pesa zitakazobaki ziwe mwanzo wa PS5 yenye mlango wa CD. Nasema mwanzo, kwa sababu huenda zisitoshe. Fanya harusi mbili tatu nyingine. Usikae kungoja bei ishuke, maana mashine hizi zimevunja ile desturi ya zamani. PS5 ya CD ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 huko Marekani ikapandishwa hadi 549. Nasisitiza CD kwa sababu nyinyi ni ndugu watatu na mtaa umejaa vijana: CD inaazimwa, inabadilishwa, inauzwa ukiichoka. Gemu ya kompyuta kwa kawaida imefungwa kwenye akaunti yako, huwezi kuizungusha mtaani kama CD. Kompyuta inashinda upande mmoja ambao haki yake lazima niitaje: kucheza mtandaoni kwa kawaida hulipi ada ya ziada, ilhali kwenye PS5 gemu nyingi za kununua zinataka malipo ya PS Plus, usajili wa Sony, ukicheza mtandaoni. Ila nyinyi mnacheza mmekaa mkeka mmoja, na hilo halina ada.

Ukiipata, usiiweke dirishani pa upepo wa bahari. Chumvi ya hapa kwetu inakula vyuma, nimefungua mashine za Mji wa Kale nikakuta skrubu zimekuwa unga. Toa ganda la PS5 kila miezi michache, kuna matundu mawili yaliyowekwa kwa ajili ya kufyonza vumbi. Fundi akikwambia anataka kung'oa kipoza joto, muulize kama anajua kwamba juu ya chipu pana metali ya majimaji. Asipojua, chukua mashine yako uondoke. Na chomeka kwenye gadi ya stima, ile ya tivi inatosha.

*Fundi, salaam aleikum. Mwanangu wa miaka 12 ananililia Xbox Series S kwa sababu ni rahisi kuliko PS5. Intaneti yetu ni bando za simu. Nimnunulie?*
*Mama wa Likoni*

Waaleikum salaam, dada. Kwa bando za simu, hapana. Series S haina mlango wa CD, kila gemu lazima ishushwe kwa intaneti, na nyingine zinapita GB 100. Piga hesabu ya bando hizo kwanza. Pia diski ya ile ya kawaida ni ya GB 512, na nafasi inayobaki ya gemu ni kama 364, kwa hiyo atafuta na kushusha upya mara kwa mara. Mashine yenyewe si mbovu. Nyumba yenye intaneti ya waya ningeiambia inunue bila wasiwasi. Kwa sasa mtafutie PS4 ya CD iliyotumika. Uifikishe dukani na tivi iwashwe, icheze nusu saa mbele yako, na usikilize feni kabla hujatoa pesa.