Mwanangu, friji nyeusi usinunue

Mwanangu Saumu,

Marahaba. Huku tu wazima. Mama yako anakusalimu, na anauliza mkwe wetu amepona mafua au bado anajifanya daktari wa nafsi yake.

Umeniuliza juu ya nyumba yenu ya Sahare mnayotaka kuiuza. Dalali kawaambia jikoni ndiko kunakoiangusha bei: mtoe friji nyeupe na lile jiko la gesi la kahawia, muweke vyombo vipya vyeusi vinavyong'aa, maana ndivyo wanunuzi wanavyovitaka sasa. Nawe ukaniuliza kama kweli mtu ananunua nyumba kwa ajili ya rangi ya friji.

Hanunui. Ila anaweza kupunguza bei kwa ajili ya friji, na hilo nimeliona sana, kwa sababu watu wa hapa mjini wakienda kutazama nyumba huniita niwakagulie umeme na vyombo. Mnunuzi akiingia jikoni haioni kompresa, ile mashine iliyo moyo wa friji, wala bomba lililozikwa ukutani. Anaona milango. Mlango ukiwa na kutu pale chini, anajiuliza: hiki kinachoonekana kiko hivi, kisichoonekana kikoje? Basi hapo anaanza kukata, na hakati bei ya friji peke yake, anakata na ya paa na ya choo. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na rangi, angalieni kipi kimechakaa.

Rangi zenyewe hupita. Wamarekani wa miaka ya 1960 na 1970 walizipenda friji na majiko ya kijani cha parachichi na ya manjano iliyokolea kama mahindi makavu. Wakazichoka, zikaja za rangi ya lozi, zikashika nyeupe, na miaka ya 2000 ilipokaribia watu wakakimbilia chuma cha pua, kile cha rangi ya silva walichozoea kukiona kwenye majiko ya hoteli. Aliyebaki na jiko la kijani akitaka kuuza nyumba, mgeni akichungulia tu alishajua jiko lile ni la zama zipi. Nyeupe na silva hazitangazi umri wake hivyo. Hazimvutii mtu sana, lakini hazimfukuzi mtu, na muuzaji hahitaji zaidi ya hapo. Nyeusi inayong'aa nayo leo ina wapenzi, ila wapo wasiotaka kuiona, na wewe hujui ni yupi atakayebisha hodi.

Tena Sahare ni pwani, na dalali wenu nadhani anaongea mambo aliyoyaona kwenye picha za nyumba za kitajiri za Masaki, Dar es Salaam. Upepo wa kusi ukivuma, vioo vya madirisha vyote vinashika chumvi. Chumvi hiyo na vumbi vikitua juu ya mlango mweusi unaong'aa, vinaonekana toka barazani. Kila kidole kinaacha alama. Mtampa nani kazi ya kuufuta asubuhi na jioni, na ninyi mko Dodoma? Kuna na hizi zinazoitwa chuma cha pua cheusi. Nyingi ni chuma cha pua kile kile cha silva kilichopakwa utando mweusi juu. Pete ikikwaruza, mstari mweupe unatokea na haufutiki.

Silva nayo ina mambo yake, sikiliza vizuri hapa. Chuma cha pua huwa na madini ya kromiamu yasiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, na huo ndio unaozuia kutu. Chumvi ya bahari huutoboa. Ndiyo maana watu wa pwani wanaona madoa ya rangi ya chai kwenye chuma walichoambiwa hakipati kutu maisha. Kipo cha daraja la 304, chenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hicho kinavumilia zaidi. Kipo cha 430, hakina nikeli ya maana, ni cha bei nafuu na ndicho kinachotumika sana kwenye vyombo vya jikoni. Na zipo friji ambazo si chuma cha pua kabisa: ni bati la kawaida lililopigwa rangi ya silva.

Watu hubeba sumaku dukani wakidhani wamekuwa wajanja. Wanasema sumaku ikinata, ni feki. Si kweli. Cha 430 hushika sumaku, na ni chuma cha pua halali. Bati lililopakwa rangi nalo hushika. Kwa hiyo sumaku ikinata haijakwambia kitu. Tazama kingo za mlango na nyuma yake, pale rangi inapoishia. Wala usiione silva ya kupakwa kuwa ni aibu. Kwa Sahare, bati lililopakwa rangi vizuri linaweza kukaa salama kuliko chuma cha pua duni, mradi rangi haijachubuka.

Mwambie anayewafanyia usafi asisugue mlango wa silva kwa waya wa sufuria. Waya ule huacha chembe za chuma, na chembe hizo ndizo zinazoota kutu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nayo asiisogeze. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini kinachofuata mistari ya chuma, kisha akaushe.

Jiko la kahawia ndilo la kuondoa, hapo dalali kasema kweli. Si kwa ubaya wa kahawia, ni kwa kuwa liko peke yake. Jikoni penye friji nyeupe, jiko la kahawia na kifyonza moshi cha silva, mtu anaona vitu vilivyonunuliwa kwa misimu mitatu. Tafuteni jiko jeupe. Likiwa la enameli, kagueni pembe kabla ya kulipa: enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya bati kwenye joto la nyuzi 800 hivi, hakichujuki kwa jua wala kwa mafuta, lakini sufuria nzito ikiangukia pembeni kinabanduka, na kutu inaanzia hapo hapo.

Friji yenu msiitupe. Mimi ndiye niliyeifungua mwaka jana, na kompresa yake ni nzima. Mlango utapigwa msasa, praima ya kushikisha rangi, kisha rangi ya kupuliza. Mpira wa mlango tubadilishe, na vile vishikio vya plastiki vilivyogeuka njano kwa jua na mafuta ya kukaangia. Njano ile ndiyo inayoizeesha friji, weupe hauna kosa.

Halafu mjue mnamuuzia nani. Wageni wa mambo ya bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, niliokutana nao mimi walikuwa wapangaji. Mnunuzi wenu huenda akawa mtu wa hapa hapa, au wa Dar es Salaam anayerudi kwao kupumzika. Mke wake atapita mbele ya friji bila kusimama, atauliza jiko la nje liko wapi, moshi wa mkaa unatokea wapi, maji ya tangi yanafika mpaka sinki? Lile banda la nyuma limejaa mabati ya zamani. Yaondoeni, banda lipakwe chokaa. Nikiwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningeiweka hapo kabla ya kugusa mlango wa friji.

Picha mpige asubuhi, dirisha likiwa ubavuni, bila taa ya simu. Silva hurudisha mwanga na kumwonyesha mpiga picha. Na mkubaliane mapema vitu gani vinabaki. Kilichofungwa ukutani au kwenye kaunta mnunuzi hukihesabu chake, friji inayosimama yenyewe ndiyo inayoleta ugomvi siku ya kukabidhi funguo. Andikeni kwenye mkataba, kimoja kimoja.

Jumamosi naweza kwenda na kijana wangu wa rangi. Nijulishe funguo ziko kwa mlinzi au kwa shangazi yako, na umwambie dalali asiagize chochote mpaka nirudi.

Baba yako,
Chumbageni, Tanga