Kikundi kitakutoa kitandani Julai, na kikundi hichohicho kitakuumiza

Ukitaka kukimbia marathoni ya Nairobi mwishoni mwa Oktoba, hesabu wiki 16 za mazoezi kurudi nyuma. Utaangukia mwanzoni mwa Julai. Kwa sisi wa Nakuru hapo ndipo shida inapoanzia. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na alfajiri za Julai joto hushuka hadi nyuzi 10, siku nyingine chini ya hapo. Agosti nayo haina huruma, maana huku Bonde la Ufa mvua hurudi mwezi huo wakati Nairobi wanakula vumbi. Yaani zile wiki ambazo mwili unapaswa kujengwa ndizo ambazo blanketi huwa tamu kuliko kitu chochote duniani.

Kila mtu atakwambia dawa ni kujiunga na kikundi. Ni kweli. Saa kumi na moja alfajiri, mvua ikipiga mabati, hakuna nidhamu inayoweza kushindana na ujumbe wa WhatsApp unaosema, "Tuko kwa steji, tunakungoja wewe tu." Lakini ushauri huo huishia njiani. Kwa niliyoyaona, wanaoumia wengi hawaumizwi na baridi wala matope. Wanaumizwa na wenzao. Watu wawili wakikimbia sambamba, mmoja hutanguliza bega kidogo. Mwenzake anajibu bila hata kufikiri. Dakika kumi baadaye yale mazoezi mepesi ya Jumanne yamegeuka fainali, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Fanya hivyo kila Jumanne, tena kwa misuli iliyokakamaa kwa baridi, halafu ushangae mbona kikundi kizima kinachechemea ifikapo Septemba.

Sisi wa huku tuna ugonjwa wa ziada. Tunaishi na mabingwa. Faith Kipyegon ni wa Keringet, kaunti hiihii yetu. Nyahururu, alikotoka Samuel Wanjiru aliyechukua dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008, si mbali. Kila mtu ana binamu, jirani au mwanafunzi mwenzake aliyewahi kukimbia ng'ambo, na kila mmoja wa hao ana ushauri. Basi fundi wa magari anasikia kwamba kule Kaptagat kundi la Eliud Kipchoge hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, naye anaamua ajaribu angalau nusu yake. Haulizi wale jamaa hufanya nini baada ya mazoezi. Wanalala! Wanakula, wanalala, wanakandwa misuli, wanatoka tena jioni. Fundi wetu yeye huenda kulala chini ya lori hadi magharibi.

Na kitu kimoja ambacho tungefaa kuwaiga, ndicho hatukiigi: wanavyoanza polepole. Nenda Iten, mji wa wakimbiaji, alfajiri usimame kando ya barabara. Utaona watu waliokimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi wakijikokota kilomita ya kwanza hivi kwamba mama aliyebeba mtungi wa maziwa anaweza kuwapita. Kasi inakuja baadaye, yenyewe, mwili ukishapata moto.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya kikundi chetu, na ndiyo ninayoipigania kuliko zote, ni kwamba siku ya mbio nyepesi hakuna anayemtangulia wa nyuma kabisa. Anayejisikia ana nguvu ageuke, arudi kumchukua wa mwisho, aje naye. Hesabu yenyewe inasaidia kunyamazisha mabishano. Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin kwa 2:01:09 mwaka 2022, kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 52. Mtu anayetaka kumaliza kwa saa nne na nusu anahitaji dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita, na anayetaka saa tano ana dakika 7 na ushee. Kama hiyo ndiyo kasi yako ya siku ya mashindano, mbio nyepesi za Jumanne zina haki ya kuwa dakika 7 na nusu, hata 8, na usione haya. Tuna mzee mmoja mstaafu kikundini ambaye kipimo chake hakihitaji saa ya mkononi. "Mwanangu," atakuuliza mkipanda Milimani, "jana ulikula nini?" Ukishindwa kumjibu kwa sentensi nzima, unakwenda mbio mno.

Kanuni ya pili ilitugharimu mjadala. Kama chama chochote kinachojiheshimu, tulianza na faini: asiyetokea alfajiri ananunulia wenzake chai na mandazi Jumapili. Ilifanya kazi kupita kiasi. Watu walianza kuja na homa. Dada mmoja anayeuza mitumba alikuja akiwa na kikohozi cha kifuani kwa sababu, kwa maneno yake, mandazi ya watu wote hao ni faida ya siku nzima. Tukabadilisha: faini ni ya anayekosa bila kutuma ujumbe. Anayesema "leo mwili hauko sawa" haulizwi swali la pili. Kama mnaanzisha kikundi sasa, anzeni na faini ya namna hii, msipitie njia ndefu.

Kuhusu homa yenyewe, sikubaliani na wanaosema baridi ndiyo inayoileta. Inaletwa na virusi, na Julai vinasambaa kwa sababu tunajifungia ndani na kwenye matatu zenye madirisha yaliyofungwa kabisa. Kipimo tunachotumia ni shingo. Ikiwa tatizo liko juu ya shingo, pua inachuruzika na basi, unaweza kukimbia kidogo, taratibu. Ikiwa limeshuka kifuani, au mwili unauma na joto limepanda, unarudi kitandani bila aibu. Na kama ulikuwa Kisumu au Busia siku za karibuni, usijidanganye kwamba ni mafua ya Nakuru. Pima malaria kwanza.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Ukitoka nyumbani ukihisi baridi kidogo umevaa sawasawa, kwa sababu kilomita mbili mbele utakuwa unatoa jasho. Fulana ya pamba inanyonya maji na kukuganda mwilini. Jezi kuukuu ya mpira, ya bei rahisi sokoni, ni bora mara kumi. Glovu ni muhimu kuliko jaketi. Vaa riflekta kama ya watu wa boda, na ukimbie upande wa kulia wa barabara ili uone gari linalokuja. Barabara kuu ya kwenda Nairobi hatuikanyagi kabla ya kupambazuka, trela haziwezi kukuona kwenye ukungu. Tunazunguka mitaa ya Milimani na Section 58 hadi kuche. Na hakuna dada anayeachwa atembee peke yake gizani hadi nyumbani. Hiyo si adabu tu, ndiyo inayofanya wanawake waendelee kuja. Nimeona vikundi vya wanaume watupu ambavyo havikuwahi kujiuliza kwa nini viko hivyo.

Viatu ni mada nyingine. Wengi wetu tunakimbia na raba za mitumba, na hakuna ubaya, lakini zichague kwa mikono, usichague kwa jina lililoandikwa ubavuni. Bonyeza soli kwa dole gumba: ikiwa imekufa haitanyanyuka. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande mmoja, imeshachukua umbo la mwendo wa mwenyewe wa kwanza na itakulazimisha ukanyage kama yeye. Agosti unahitaji jozi mbili, maana kilicholowa leo hakikauki hadi kesho. Jaza magazeti ya zamani ndani, uyabadilishe yakishalowa. Usiweke karibu na jiko, gundi itaachia.

Sasa majeraha. Nesi wa kikundi chetu, tena ndiye anayewashauri wengine, alianza kulalamika kuhusu muundi. Mwanzoni maumivu yalikuwa yametanda mfupa mzima na yakipungua akishapata moto. Hayo ni ya kawaida kwa mtu aliyeongeza kilomita haraka, na dawa yake ni kupunguza. Baadaye yakakusanyika mahali pamoja, padogo, unapogusa kwa kidole anaruka, na usiku hayamwachi. Hapo hakuna mjadala tena: mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa, na kuendelea kukimbia ni kuutafutia uvunjike. Alikwenda kupigwa picha, akaambiwa apumzike wiki kadhaa.

Ninalotaka kusema hasa ni yaliyofuata. Mkimbiaji akiumia, vikundi vingi humtumia ujumbe wa pole, kisha anafifia. Baada ya mwezi hayupo tena, na si mguu uliomwondoa. Sisi tulimpa kazi. Siku za mbio ndefu alikaa nyuma ya bodaboda na jerikeni la maji, ndizi na mafuta ya kujipaka kwa waliochubuka mapajani, akitukuta kila baada ya kilomita tano. Alitujua upya. Kutoka pale juu ya boda aliona nani anakanyaga vibaya akichoka, nani haongei tena, na ndiye aliyemwambia fundi, mbele ya watu, kwamba bega lake la kushoto limeshuka na apunguze mwendo kabla hajaumia mgongo. Aliporudi kukimbia, alianza kwa kutembea dakika na kukimbia dakika, na kikundi kizima kilitembea naye zile alfajiri za kwanza. Ukitaka kujua kikundi ni cha kweli au cha kupigia picha, angalia waliojeruhiwa wako wapi.

Mbio ndefu zinahitaji ubunifu. Ya kwanza ilileta siasa za dini, kwa kuwa tuna Wasabato ambao Jumamosi hawatoki na wengine ambao Jumapili ni ya ibada. Tulikubaliana Jumapili saa kumi na moja, ili wa ibada ya pili wawahi kuoga. Tunaanza na kilomita 14 Julai, tunapanda taratibu hadi 30 au 32 mwishoni mwa Septemba, na kila wiki ya nne tunashuka ili mwili uvute pumzi. Wiki moja tunapanda Menengai. Kutoka mjini hadi ukingo wa kreta ni zaidi ya mita 400 za kupanda, na upepo wa kule juu Julai unapita hadi kwenye mifupa. Ruhusa ya kutembea ipo. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, mvua ikinyesha unachimbika mifereji, kwa hiyo wakati wa kushuka macho yawe chini na hadithi zisubiri.

Wiki nyingine tunapanda matatu hadi Njoro tukimbie kurudi mjini. Kila mtu hupenda njia hiyo kwa sababu unashuka mita 300 hivi na unajiona bingwa. Ndiyo sababu siiruhusu mara kwa mara. Kushuka kunapiga mapaja kuliko kupanda, kwani msuli unafanya kazi ya breki huku ukivutwa, na Jumatatu utashuka ngazi za ofisini kinyumenyume. Fanya mara chache, kwa makusudi, ili mapaja yazoee vilima vya Nairobi.

Kwenye mbio hizi ndefu zoea kula njiani. Akiba ya wanga mwilini humtosha mtu hadi karibu na kilomita 30, na kwa wengi wetu chini ya hapo. Baada ya hapo miguu inakuwa ya mtu mwingine. Uji wa wimbi kabla ya kutoka, ndizi au maji yenye glukosi na chumvi kidogo kila nusu saa hivi. Baridi inakudanganya kwamba huna kiu, kunywa hivyohivyo. Siku ya mashindano usijaribu kitu ambacho tumbo lako halijakizoea Agosti.

Wiki tatu za mwisho tunapunguza kilomita, na hapo ndipo watu huwa wakali, nguvu zimejaa na hawana pa kuzipeleka. Ndio wakati mzuri wa kupanga siku yenyewe. Sisi tunagawana kwa makundi ya kasi, kila kundi linakaa pamoja hadi kilomita 30, halafu kila mtu anaachiliwa aende anavyoweza na hakuna anayenuniwa kwa kumwacha mwenzake. Lisemeni hili mapema na kwa sauti, kwa sababu kuna marafiki waliokosana kwenye kilomita ya 35. Na matatu ya kurudi ilipiwe kabla ya kuondoka Nakuru, na mkubaliane kabisa nani atakaa kiti cha mbele. Ni kilomita 160 hivi, na kuna mtu ambaye mapaja yake hayatakunja goti hadi mfike Gilgil.