Nikimtolea mdogo wangu uloto, nitapooza?

SWALI: Shikamoo Mama. Mdogo wangu wa kiume, miaka 19, ana saratani ya damu. Daktari anataka ndugu wote tupimwe, huenda mmoja wetu akamtolea uloto. Wazima tupo watatu, baba mmoja mama mmoja. Mimi nipo tayari, ila bibi analia usiku kucha. Anasema nikichomwa uti wa mgongo nitapooza na sitazaa. Ni kweli?
Dada mkubwa, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Nianze na bibi, maana hofu yake nimeikuta wodini miaka yote ya uuguzi wangu. Kuna kaka mmoja alikuja mpaka mlango wa maabara, akapigiwa simu na mjomba wake, akageuza. Mgonjwa alibaki akiniuliza kila asubuhi kama kaka amefika. Sijamsahau.

Uti wa mgongo hauguswi. Uloto ni ule ute wa ndani ya mfupa, ule ambao kwenye supu tunaugonga mfupa kwenye sahani mpaka udondoke. Humo ndimo zilimo seli shina zinazozaa damu yote. Wakiutoa kwenye mfupa, wanachukua kwenye nyonga, kwa nyuma, wewe umelala kwa dawa ya usingizi. Utaamka kiuno kinauma kama umeanguka kwenye ngazi.

Siku hizi mara nyingi hawafiki hata huko. Unachomwa sindano kila siku kwa siku 4 au 5, seli shina zinatoka mifupani na kuingia kwenye damu. Mifupa itauma kama una homa kali, usishtuke. Kisha unakaa saa kadhaa kwenye mashine: damu inatoka mkono huu, seli zinachujwa, iliyobaki inarudi mkono wa pili. Mwili unazirudisha ndani ya wiki chache. Kizazi chako hakihusiki kabisa, ila kama una mimba sasa, mwambie daktari kabla ya lolote.

Kuhusu kulingana: kinachopimwa si kundi la damu, ni alama za kinga ulizorithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa kikamilifu. Mkipimwa wote watatu, nafasi ya kumpata angalau mmoja inapita nusu. Kwa hiyo msikutume wewe peke yako! Na mkikosa wote, msikate tamaa. Utafiti umewezesha kutumia hata ndugu au mzazi anayelingana nusu, kwa dawa inayoitwa saiklofosfamaidi ambayo mgonjwa hupewa siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikizwa.

Haikuwa hivyo zamani. Daktari Donnall Thomas wa Marekani alipoanza kuwapandikiza wagonjwa uloto mwaka 1957, wale wa mwanzo walifariki. Wenzake wengi wakaacha. Yeye akarudi maabara, akafanya majaribio kwa mbwa miaka mingi, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel.

Hapa kwetu Muhimbili walianza mwaka 2021 na wagonjwa wa mailoma (saratani ya seli zilizomo kwenye uloto), ambao hurudishiwa seli zao wenyewe zilizotunzwa. Mdogo wako anahitaji za mtu mwingine, hivyo muulizeni daktari wake atafanyiwa wapi na kwa gharama gani.

Sitakuficha, njia yake yeye ni ngumu kuliko yako. Dawa kali zitaufuta uloto wake kwanza, halafu seli zako ataingizwa kwa dripu, kama anaongezewa damu. Zitatafuta mifupa zenyewe. Wiki 2 hadi 4 hana kinga, mafua ya mgeni mmoja yanaweza kumuua. Baadaye seli zako zinaweza kushambulia ngozi, ini au utumbo wake. Lakini hizo hizo ndizo huwinda saratani iliyojificha, kazi ambayo dawa peke yake haikuiweza.

Siku ya kupimwa mchukue na bibi. Ataona unatolewa damu kidogo mkononi, kisha mtapanda daladala pamoja mrudi Mbagala, wewe ukitembea kwa miguu yako.